Anti, mjomba anataka nifanye mtihani wa Marekani, mama anasema nimalize kwanza fomu siksi

Shikamoo Anti. Naomba unisaidie maana huku nilipofika mawazo yananizidi na sina mtu mwingine wa kumwambia yote bila kuogopa.

Mi ni binti wa miaka 18, niko fomu faivu hapa Tanga mjini, kombi ya PCM (fizikia, kemia na hesabu), nasoma shule ya kutwa naishi na mama na mdogo wangu Ngamiani. Jina langu naomba usiliweke. Mama anakaanga samaki pale Deep Sea, na kwa kazi hiyohiyo ndo tunakula na kulipa kodi, baba yupo Muheza ana familia nyingine, tuyaache hayo.

Nina mjomba, kaka yake mama tumbo moja, anaishi Columbus kule Ohio Marekani miaka mingi sasa. Yeye ndo alinisimamia toka fomu wani mpaka fomu foo, sare, madaftari, tuisheni ya hesabu, hata daladala wakati mwingine alikuwa anatuma ya mwezi mzima. Matokeo yalipotoka nikapata divisheni wani ya pointi 9, mjomba alilia kwenye simu Anti, akasema wewe lazima uje kusoma huku.

Sasa mwezi wa saba nilipoanza fomu faivu akanipigia, akaniambia kuna mitihani inaitwa AP, ni ya kiwango cha chuo lakini unaifanya ukiwa bado sekondari. Watoto wake wameifanya, yule mkubwa alifaulu minne, na alipoingia chuo cha serikali hukohuko Ohio akakuta baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza hayasomi tena, ameshahesabiwa. Kwa hiyo mjomba anataka na mimi Mei ijayo nifanye miwili, AP Calculus AB na wa fizikia, hela atalipa yeye, mi kazi yangu nijisajili tu. Anasema bila hivyo vyuo vya kule vitaniona wa kawaida na udhamini sitapata.

Mama hataki kusikia. Anasema mshika mawili moja humponyoka, mtihani wako ni wa NECTA, wa baraza la mitihani la hapa, huo mwingine nani kakuuliza. Kisha anasema kama kaka yake ana hela basi aangalie mdogo wangu anaingia fomu wani Januari, hana hata viatu vya shule. Siku moja akasema kaka kazoea kupanga maisha ya watu kwa simu. Iliniuma Anti, maana yule mtu kanisomesha.

Nikajaribu mwenyewe. Nilienda kwa mwalimu wa taaluma akaniambia sisi tunasajili NECTA basi, hayo mengine hatuyajui. Mwalimu wa hesabu yeye alifurahi sana, akasema kwa kasi yangu naweza. Nikafungua akaunti ya College Board, wenye mitihani hiyo, kwenye simu ya rafiki yangu, ikafunguka vizuri, ila nikifika kwenye kujisajili mtihani wananidai namba ya kujiunga inayotoka shuleni, nikakwama hapo.

Ndo kaka yake rafiki yangu akanipa namba ya jamaa mmoja wa Dar, anasema yeye anasajili watu. Anataka shilingi 950,000 kwa mitihani yote miwili, kila kitu ndani, na ataniandikisha kama mwanafunzi wa shule fulani ya huko Dar. Anataka picha ya cheti cha kuzaliwa, paswadi ya akaunti yangu, na hela iingie kabla mwezi huu haujaisha maana Novemba wanafunga. Mjomba anasubiri tu niseme neno atume. Mama habari za huyu jamaa hana.

Anti, nikikataa mjomba ataona sina shukrani. Nikikubali nitakuwa nimemvuka mama yangu anayeamka saa tisa usiku kwa ajili yetu. Na nikiukosa mwaka huu naona ndo basi tena, fomu siksi nitakuwa na mtihani wangu. Nifanyeje?

Binti wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwanza kwa hiyo wani ya tisa, maana umeipitia haraka kama jambo dogo na si dogo hata kidogo.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na ninavyoielewa una mambo matatu yamejifunga fundo moja. Kuna mtihani wenyewe, una faida gani na unaupataje. Kuna huyu jamaa wa Dar na tarehe zake za kukukimbiza. Na kuna mama na mjomba, wote wawili wanakupenda, wanavutana na wewe uko katikati. Naona hili la tatu ndo linakunyima usingizi kuliko mtihani. Lakini acha nianze na mtihani, maana ukiujua vizuri na hayo mengine yatapata mwanga.

Mjomba hajakudanganya. AP ipo, inaendeshwa na College Board ya Marekani, inafanyika kila mwaka wiki mbili za mwanzo za Mei, na alama zake ni kuanzia 1 mpaka 5. Na wala hulazimiki kusoma darasa la AP ndo uufanye, mtu anaweza kujisomea akaenda kukaa mtihani tu. Ni kweli pia mwanawe alihesabiwa masomo, ila hapa nataka tuende taratibu. Ohio ina utaratibu wake, vyuo vyake vya serikali vinatakiwa kumhesabia mwanafunzi somo akipata 3 na kuendelea. Mjomba anaongea alichokiona kwa macho yake nyumbani kwake, na pale ni sahihi kabisa. Ukitoka nje ya hapo kila chuo kina lake, kingine kinataka 4, kingine 5, kingine hakihesabu kabisa, kinakuruhusu tu uanze na darasa la juu zaidi. Sasa jiulize, wewe unaenda chuo gani? Kama hamjakijua bado, basi faida ya ule mtihani nayo hamjaijua bado, si ndio?

Halafu hili la kwamba bila AP utaonekana wa kawaida. Hapo mwanangu mi nasita. Mtihani wa AP haukupi nafasi ya chuo, kazi yake kubwa ni hiyo ya kuhesabiwa masomo ukishafika. Vyuo vya kule vikipokea maombi ya mtoto wa Tanzania vinaangalia amefanya nini kwa kile shule yake ilichokuwa nacho, na shule yako haina AP, hakuna wa kukulaumu kwa hilo. Vitataka matokeo yako ya fomu foo, ripoti za fomu faivu na siksi, barua za walimu, insha, na vingi vinapokea au vinadai SAT. SAT ni mtihani mwingine kabisa, wa kuombea chuo, na huo unajisajili mwenyewe kwa akaunti hiyohiyo uliyoifungua bila kuomba namba ya shule yoyote, na haufanyiki mara moja kwa mwaka kama AP. Je mjomba anajua tofauti hiyo? Watoto wake wamekulia kule, wamepita njia ya mtoto wa kule, wewe njia yako inaanzia kwingine. Sisemi amekosea, nasema inawezekana hamjaongea mkalifikia jambo hilo.

Sasa kwa nini ulikwama kwenye ile namba. AP haisajili mtu mmojammoja moja kwa moja, lazima upitie shule yenye mratibu wa AP, yeye ndo anatoa namba ya kujiunga na yeye ndo anaagiza karatasi yako ya mtihani. Kwa mwanafunzi wa nje wana kundi maalumu la wanaokuja kufanya mtihani tu. Kwa hiyo njia halali ipo, ila inaanza na wewe kuandika barua pepe kwa mratibu wa shule inayoendesha AP, kumuuliza kama anapokea watu wa nje mwaka huu. Tafuta kwenye orodha ya College Board yenyewe shule zilizo karibu, angalia Dar na angalia Kenya pia. Shule hailazimiki kukukubali, hilo ulijue mapema usije ukavunjika moyo, wengine wanajibu hapana na wengine hawajibu kabisa, andika kadhaa. Ile Novemba jamaa aliyokutajia si uongo, katikati ya mwezi huo ndo shule zinafunga kuagiza, ikipita hapo kuna faini ya dola 40 kwa kila mtihani, na ukishaagiza halafu usitokee unakatwa dola 40 vilevile.

Hela yenyewe, kwa mwaka wa masomo 2024/25 ada ilikuwa dola 129 kwa mtihani mmoja kwa walioko nje ya Marekani na Kanada, na shule inaweza kuongeza ya kwake ya usimamizi. Kwa miwili hiyo ni laki sita na ushee kabla hujapanda basi Kange. Ongeza nauli, pa kulala, chakula, na mitihani miwili siku mbili tofauti, pengine wiki mbili tofauti, ina maana uende ukae au uende urudi. Kama shule iliyokukubali iko Kenya utahitaji hati ya kusafiria, hata kama Horohoro pale ni karibu. Utahitaji na kitambulisho chenye picha kwa sababu hapo shuleni kwao hawakujui. Na siku hizi mitihani mingi ya AP imehamia kwenye kompyuta, Calculus AB maswali ya kuchagua unajibia kwenye programu inaitwa Bluebook na yale ya kuonyesha njia unaandika kwa mkono, kwa hiyo muulize mratibu kama kompyuta wanatoa wao au unakuja nayo. Kikokotoo cha grafu usihangaike kutafuta, kimo humohumo ndani ya programu. Hayo yote mjomba ameyapigia hesabu au amehesabu ada tu?

Huyu jamaa wa Dar. Mwanangu, hapa nitasema bila kuzunguka kwa sababu nina wasiwasi naye. Paswadi ya akaunti yako usimpe mtu, awe nani. Alama zako zote zitaingia humo, na atakayeishika ile akaunti ndo mwenye jina lako kule College Board. Na hilo la kukuandikisha kama mwanafunzi wa shule usiyosoma linanitisha zaidi kuliko zile 950,000. Unataka kuomba chuo ambacho kitapokea ripoti za shule yako ya Tanga na hapohapo kione umesajiliwa AP kama mwanafunzi wa Dar, utajieleza vipi? Kama kweli ana mratibu anayemjua, akupe jina la shule na umwandikie mratibu mwenyewe, ukalipe huko shuleni upewe risiti. Mtu mkweli hilo halitamkera. Akikasirika au akazidi kukuharakisha, basi umeshapata sehemu ya jibu.

Twende kwenye Mei yenyewe, maana umeandika ukiukosa mwaka huu ndo basi. Kwa upande mmoja una hoja ya kweli kabisa. Mtihani wa fomu siksi nao ni Mei, mwaka 2024 ya NECTA na ya AP yote ilianza wiki ileile, kwa hiyo ukisema utafanya AP ukiwa fomu siksi karibu haiwezekani, na mi sitaki hata uijaribu. Mei ya fomu faivu ndo dirisha la wazi zaidi. Lakini dirisha la AP likifungwa, la kusoma nje halifungwi nalo. Watoto wanamaliza fomu siksi, wanakwenda JKT, wanarudi, wanafanya SAT, wanaomba vyuo kwa ajili ya mwaka unaofuata. Na kuna njia za nyumbani ambazo sikuona umezitaja hata moja. Kwa vyuo vya hapa TCU, yaani tume ya vyuo vikuu, wanaangalia fomu siksi yako, AP haina nafasi humo, na toka mwaka wa masomo 2022/23 kuna ufadhili wa serikali unaoitwa Samia Scholarship kwa wanaofanya vizuri sana sayansi fomu siksi. Sikwambii uchague hiyo, nakuambia ipo, na inasimama juu ya PCM hiyohiyo ambayo mama anaihofia.

Maana hofu ya mama hata mimi naiona. PCM si mchezo. Kalkulasi ya AP Calculus AB sehemu kubwa utaikuta kwenye hesabu zako za advansi, kwa hiyo huko hujisomei mambo mawili tofauti, unasoma jambo moja kwa mitindo miwili ya kuuliza. Saa tatu na robo, maswali 45 ya kuchagua na 6 ya kuandika, kasi yake ndo itakusumbua. Fizikia ni habari nyingine, AP wana mitihani ya fizikia zaidi ya mmoja, ipo isiyotumia kalkulasi na ipo inayoitumia, na barua yako haisemi ni upi. Muulize mjomba, na mkiulizana mjadili na hili: kuna ulazima wa kufanya yote miwili? Mmoja unapunguza gharama, unapunguza safari, na mama anaweza kuusikia tofauti. Inawezekana pia ukasoma bila kufanya mtihani kabisa. Masomo ya Calculus AB yapo bure kwenye tovuti ya Khan Academy, na maswali ya kuandika ya miaka iliyopita College Board wenyewe wameyaweka wazi. Mwalimu wako wa hesabu aliyefurahi mpelekee swali moja la mwaka uliopita mkae nalo. Baada ya wiki chache za hivyo utajua kama una nafasi ya kufanya hili au unajibebesha, na utakuwa umelijua kwa kazi yako mwenyewe.

Sasa mama na mjomba. Umeandika kama vile kuna wa kumshukuru na kuna wa kumtii, na ukimridhisha huyu yule ameumia. Mi nauliza, hawa ndugu wawili wameongea wao kwa wao? Kwenye barua nzima mjomba anakupigia wewe, mama anakuambia wewe, maneno yote yanapita kwako, hata lile la kupanga maisha kwa simu limekuangukia wewe wakati ni la mtu na kaka yake. Huo mzigo si wako. Mama aliposema viatu vya mdogo wako sidhani alikuwa anapinga masomo yako. Nadhani alikuwa anamwambia kaka yake kitu ambacho hajawahi kumwambia mwenyewe, kwamba nyumba hii ina watoto wawili. Na mjomba, mtu aliyelia kwa matokeo yako, sidhani atakuita huna shukrani ukimwambia mjomba nimefuatilia, nimegundua moja mbili tatu, naomba tulijadili na mama. Kuna watoto wanaotumiwa hela wakanyamaza, wewe umeenda kwa mwalimu wa taaluma, umeenda kwa mwalimu wa hesabu, umefungua akaunti kwa simu ya kuazima. Mtu mzima akisikia hivyo anaona shukrani kubwa sana.

Ningependa, kama itawezekana, mkae kwenye simu wote watatu, jioni mama akiwa ametoka Deep Sea amepumzika, na wewe uwe na karatasi yako. Gharama yote, siyo ada tu. Shule zilizojibu na zisizojibu. Vyuo viwili vitatu mnavyoviwaza na wanavyosema kuhusu AP. Na habari ya yule jamaa wa Dar mama aisikie kutoka kwako mapema, anaweza kuuliza jambo ambalo mimi na wewe hatukuliona, hawa wanaouza sokoni wanamjua mtu anayeharakisha hela. Kuna ofisi ya EducationUSA, wanaoshauri wanaotaka kusoma Marekani, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, ushauri wao ni bure, na masharti ya viza za wanafunzi yanabadilikabadilika kwa hiyo waulize na hilo kabla familia haijatoa hata shilingi.

Baada ya hapo mnaweza kuamua ufanye mmoja Mei hii, au miwili, au muachane nao mwelekeze nguvu kwenye fomu siksi na SAT. Kila njia ina gharama yake. Ukifanya AP na kituo kikapatikana kihalali, utakuwa umejipima mapema, lakini Mei hiyo utakosa vipindi na pengine mitihani ya shule ya kufunga mwaka, kwa hiyo ongea na shule mapema wakupe ruhusa ya maandishi. Ukiacha, pengine utabaki unajiuliza, na mjomba atahitaji muda kulikubali. Mimi nipo Tanga hapahapa siijui nyumba yenu ndani, nyie ndo mnaijua.

Wiki hii andika hizo barua pepe kwa waratibu. Kiingereza chake mwalimu wa hesabu akusaidie kukipitia, ujieleze wewe ni nani, uko kidato gani, unataka mtihani upi na mwaka upi. Ukipata jibu lolote, hata la kukataa, niandikie.

Anti